Mwaka Tuliokataa Kufua Minyororo

Wiki iliyopita tulimzika Feruzi, mhunzi, huku Daraja Mbili, Arusha. Wenzake wa msikitini walimbeba kwa haraka kama ilivyo desturi yao, wakipokezana jeneza kila hatua chache, na mimi, Mlutheri mzee mwenye goti bovu, nikawa nyuma kabisa na kofia mkononi. Tulipomaliza, kijana mmoja wa chama, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, alinifuata mahali nilipokuwa nimeketi juu ya jiwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimeambiwa marehemu alipigwa na Wajerumani kwa ajili ya siasa. Tungependa kumtaja kwenye mkutano wa Jumapili. Alikuwa wa chama gani?"

Nilimwambia Feruzi hakuwa wa chama chochote. Alikuwa fundi wa chuma.

"Sasa tuseme alikuwa na siasa gani?"

Jambo lile halikuwa la kujibiwa juu ya jiwe, kwa mtu anayetazama saa. Nilimwambia aje nyumbani Kimandolu nimweleze. Hajaja. Ana mikutano mingi, na simlaumu. Mwaka huu kila mtu mjini anazungumza juu ya uhuru, na anayezungumza hana nafasi ya kusikiliza. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikimjibu peke yangu, nikikata majani ya ng'ombe, nikipalilia migomba, hata mke wangu ananiuliza nasema na nani. Nimeona ni afadhali niandike. Sitaandika habari za ukoo wetu. Wapo wanaozijua kuliko mimi. Nitaandika mwaka mmoja tu wa wakati wa Mjerumani, ambao nilikaa na watu wawili walioamini kwamba binadamu hana haja ya bwana, na nikaona imani ile ilivyowagharimu, kila mmoja kwa kiasi chake.

Karakana yao ilikuwa kando ya mto Themi, chini kidogo ya boma. Mwenyewe aliitwa Anton, Mjerumani mwembamba mwenye ndevu nyekundu, fundi wa magurudumu ya yale magari ya ng'ombe yaliyopita Arusha yakienda kwenye mashamba ya walowezi. Kwao alikuwa amefungwa mara mbili kwa kuwaambia wafanyakazi kwamba wanaweza kuishi bila Kaizari. Alivyopata ruhusa ya kuja huku sijui. Nadhani walifurahi kumwona akienda mbali. Feruzi ndiye aliyevisha magurudumu yale pete za chuma. Alizaliwa pwani, katika nyumba ya mtu aliyemnunua mama yake. Alipopata nguvu za kubeba koleo alijipenyeza kwenye meli ya moshi, akasukumia makaa tanuruni miaka mingi, akaishi katika bandari ya Wajerumani, akarudi na Kijerumani safi na mikono iliyojaa makovu ya moto. Walikutana Tanga, wakaja bara pamoja. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka jandoni si zamani, nimesoma miaka miwili kwa wamisionari, najua Kimaa cha kwetu, Kiswahili, na Kijerumani cha kuombea tu. Nilikwenda karakana kuwauzia magogo ya loliondo, mti mgumu wa msitu wetu, nikawatafsiria walipopatana na wazee juu ya kukata miti, na nikabaki.

Chumba chao cha nyuma nakikumbuka kuliko nyumba niliyolelewa. Sakafu ya udongo iliyofagiliwa kila asubuhi, meza moja ndefu ya mbao zilizobaki, harufu ya mkaa na ya mbao mbichi, na chungu kimoja. Palikuwa na sheria moja: kila mtu ale mezani, na kila mtu apike kwa zamu. Siku yangu ya kwanza zamu ilikuwa ya Anton. Alipika ndizi na maharage, akazipondaponda vibaya, akanipakulia, akaniwekea mbele kwa mikono yake miwili. Sikuweza kula. Nilikuwa nimeona Wazungu wakipakuliwa. Sikuwahi kuona Mzungu akipakua. Feruzi alinitazama huku akitafuna. "Kula, mdogo wangu," alisema. "Ndizi zenyewe ni mbaya, si heshima." Anton alikataa kuitwa bwana, na mimi jina lake tupu lilinikwama kooni, kwa hiyo nikamwita Fundi, na hilo likampendeza. Mwenyewe alijiita kwa neno refu la kwao. Nilimwuliza Feruzi maana yake, akafikiri, akasema, "Ni mtu asiyetaka bwana juu yake wala mtumwa chini yake. Hilo la pili wengi wao hulisahau."

Walibishana kila mlo, kwa Kijerumani wakipandwa na hasira, kwa Kiswahili wakitulia. Mchana mmoja mvua ilituzuia ndani, bati linaunguruma, na Anton akawa anaeleza kwamba serikali ndiyo mama wa mabwana wote. Iondoe, na bwana atakufa kwa njaa kama ndama aliyefiwa na mamaye. Feruzi alisubiri mvua ipungue asije akapaza sauti.

"Aliyemnunua mama yangu hakuwa na serikali," alisema. "Alikuwa na kamba, na bunduki, na majirani waliokubali. Hao majirani ndio ninaowaogopa mimi. Walikubaliana kwanza kwamba mama yangu si mtu. Ukiivunja serikali leo na wao wakabaki na wazo lile, kesho wataijenga upya kabla ya chakula cha mchana."

"Ndiyo maana wanyonge wote lazima waungane," Anton akasema.

"Nilikwenda kuungana. Kule bandarini kwenu makuli waligoma, wakaimba kwamba wafanyakazi wote wa dunia ni ndugu. Nikavaa shati langu safi nikaenda kwenye ukumbi wao. Aliyesimama mlangoni hakuwa polisi, Anton. Alikuwa mwenzako. Akaniambia wewe subiri nje."

Nilingoja Anton ajitetee, kwa maana alikuwa mtu wa kujitetea. Alichora mstari mezani kwa ukucha. Kisha akasema, "Hilo ni kweli. Mimi mwenyewe nimeketi ndani ya kumbi kama zile, na sikutazama nani yuko mlangoni." Nimekwisha kuona mabishano mengi tangu wakati huo, barazani na kanisani, na ni machache niliyoona mtu akishindwa vizuri namna ile.

Mimi nami nilikuwa na fahari yangu. Nilimweleza Anton kwamba sisi Waarusha hatukuwa na mfalme. Kwamba kila rika lina msemaji wake, laigwanani, ambaye hatoi amri bali husema yale watu wamekwisha kukubaliana. Kwamba hata maji ya mifereji hugawanywa kwa mkutano. Macho yake yaling'aa. Aliandika kila neno. "Mnaishi yale sisi tunayoyaota!" alisema, na mimi nikavimba kichwa. Wakati huo aliingia Namayani, msichana niliyekuwa nimechumbiwa, ambaye alituletea maziwa mgando kwenye kibuyu siku moja baada ya nyingine. Aliniuliza kwa Kimaa yule Mzungu anachekelea nini. Nikamwambia tunazungumza jinsi watu wanavyoweza kuishi bila bwana.

"Watu gani?" akauliza. "Mama yako anamsikiliza baba yako akiamua ng'ombe gani auzwe, na ndiye aliyemkamua. Naye ataishi bila bwana? Au maneno haya yanaishia kwenye rika lenu?"

"Amesema nini?" Feruzi akaniuliza.

"Anauliza kama kesho mnataka maziwa," nikasema.

Nimetafsiri maneno ya watu wengi katika maisha yangu. Uongo ule mdogo ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu Namayani hakujua Kiswahili wakati ule, akaniona nikisema, akadhani nimelifikisha swali lake na kwamba wale watu wawili walikosa jibu.

Masika yalipokaribia, boma lilitaka watu. Reli ilikuwa imefika Moshi, na bwana wa boma alitaka barabara itakayopitisha magari hadi huko, imwagwe mawe, haraka. Alimwita mzee Lesikari, laigwanani wa rika la baba zangu, na mimi nikaenda kutafsiri.

"Nani mkubwa wa watu wako?" bwana wa boma aliuliza.

"Mkubwa wa jambo gani?" akajibu Lesikari.

"Wa mambo yote."

Lesikari alinigeukia kana kwamba nimetafsiri vibaya. "Mwambie wa maji yupo, wa vijana yupo, wa ugomvi wa ndoa ni bibi mmoja mkali sana. Wa mambo yote hatujamzaa."

Nililifikisha jibu lile kwa makini. Bwana wa boma hakukasirika, alinitazama mimi. Aliniuliza kama najua kuandika. Nikasema ndiyo. Akasema, basi, kuanzia mwezi ujao jumbe wa Waarusha wa upande ule atakuwa mimi. Nitapewa kanzu, kofia na askari wawili, na kazi yangu itakuwa kuandika majina ya wanaume na kuwaleta barabarani. Nikalazimika kumtafsiria Lesikari maneno hayo, uso wake ukiwa karibu na wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Tulipotoka nje niliinamisha kichwa anishike utosini, kama kijana anavyomuaga mzee kwetu, na kwa mara ya kwanza mkono wake ulichelewa.

Niseme ukweli, kwa kuwa nimebakiwa na muda mchache wa kusema kinyume chake: niliitaka ile kofia. Nilitembea kutoka bomani hadi karakana nikijiona nimeivaa. Nilijiambia nitakuwa jumbe mwema, nitaandika majina machache, nitawapunguzia watu adha. Niliwaambia hivyo hivyo Anton na Feruzi mezani. Anton alipiga ngumi, akasema hakuna jumbe mwema kama vile hakuna maji makavu. Feruzi aliendelea kumenya ndizi, zamu ilikuwa yake.

"Melini nilifanya kazi na mtu mweusi wa visiwa vya Amerika," alisema. "Babu wa babu zake walikuwa watumwa, wakawainukia mabwana zao, wakawapiga, wakawatupa baharini. Hadithi hiyo nilimwomba anisimulie kila siku. Siku moja akanisimulia kipande alichokuwa anakificha. Walipokwisha kushinda, alitokea mmoja wao, mweusi kama mimi, akajivika taji, akawarudisha wenzake mashambani kwa fimbo. Nilimwuliza, kwa hiyo mlishindwa? Akasema hapana, tulijifunza kwamba bwana hana rangi moja." Akatia ndizi chunguni. "Sikukatazi, mdogo wangu. Anton anaweza kukukataza, yeye mambo yake ni mepesi. Mimi nakuuliza tu: ukiandika majina, la kwanza utaandika la nani?"

Nilijaribu kulifikiri jina la kwanza. Nilimaliza siku tatu sijalipata.

Mkutano ulifanyika kwenye malisho ya juu, wanaume wameketi majanini, anayesema amesimama na rungu. Nilipewa nafasi, nikasema nimeikataa kofia ya ujumbe. Sikusema kwa ushujaa; sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayekiri wizi. Kisha wakajadili habari ya barabara. Mtu akienda kubeba mawe wakati wa kupanda, watoto wake watakula nini mwaka ujao? Waliongea mpaka kila aliyetaka kusema akasema, na Lesikari akayakusanya maneno yao: hakuna atakayelazimishwa kwenda wala kukaa, ila wengi wameona waingie msituni, juu mlimani, mpaka mbegu ziwe ardhini. Wanawake walikuwa pembeni, wamesimama, wanasikiliza. Hakuna aliyewauliza wao watabaki na nani.

Wiki ile ile askari alikuja karakana na barua. Boma lilitaka minyororo ya shingo, ya kuwafungia watu kumi kumi, kwa ajili ya wale watakaokamatwa msituni. Vyuma vitaletwa, mhunzi afue. Anton alisoma kwa sauti. Feruzi aliweka nyundo chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Jibu ni moja au mawili?" Anton akauliza.

"Moja," akasema Feruzi.

Wakaandika mstari mmoja, wakatia sahihi wote wawili, Anton juu na Feruzi chini, kwamba karakana hii haitafua minyororo ya binadamu. Niliupeleka mimi.

Waliitwa kesho yake asubuhi, jua limepanda. Uwanja wa boma ulijaa watu walioamriwa kutazama. Bwana wa boma alimpa Anton onyo na mwezi mmoja aondoke wilayani. Feruzi alipewa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Kosa moja, karatasi moja, wino mmoja. Walipomlaza Feruzi kifudifudi, Anton alivua koti, akavua shati, akalala chini kando yake, uso mavumbini, mgongo wake mweupe juani kama kitu kilichomenywa. Akasema kwa Kijerumani ambacho hata mimi nilikielewa: "Mimi pia." Askari mwenye kiboko alisimama, hajui la kufanya. Bwana wa boma alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, akaamuru ainuliwe. Walimwinua wawili, mmoja huku mmoja huku, kwa adabu, wakamfuta vumbi. Wakamshikilia pale atazame. Feruzi hakulia mpaka kiboko cha kumi na kitu. Baada ya hapo alilia kama anavyolia mtu yeyote. Na mimi? Nilisimama katika kundi. Nilihesabu, kwa sababu kuhesabu kulinisaidia nisisikie.

Tulimlaza karakana kwa tumbo, juu ya meza ile ile, kwa kuwa ndiyo ilikuwa ndefu. Anton alimwosha mgongo kwa maji ya chumvi. "Nilitaka tugawane uchungu huu," alisema.

"Najua," Feruzi akajibu, shavu lake likiwa juu ya mbao. "Ila haugawanyiki. Hata ukilala chini siku nzima, wataendelea kukuinua."

Siku ya tatu habari zilishuka kutoka mlimani. Wanaume walikuwa hawajapatikana, basi askari walikuwa wamechukua wanawake nyumba kwa nyumba, wakawafungia katika zizi la ng'ombe nyuma ya boma, mpaka waume na baba zao watoke msituni. Namayani alikuwa mmoja wao. Nilisimama nikasema naenda huko. Feruzi akaniuliza nikifika nitafanya nini. Ndipo alipomgeukia Anton, kwa shida, akiinua kichwa tu.

"Wewe unaweza. Mlowezi akisema amewaajiri watu, kwa karatasi, boma haliwagusi. Nenda useme wanawake wale ni vibarua wako. Una kipande cha shamba pale mtoni, na mwezi wako haujaisha."

Anton alirudi nyuma hatua moja. "Niseme ni watu wangu? Niandike hivyo? Mimi ndiye bwana wao?"

"Andika."

"Maisha yangu yote sijawahi kuliweka jina langu mahali hapo."

"Anton," Feruzi alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "mikono yako misafi unaitunza kwa ajili ya nani?"

Nakumbuka Anton akinyoa ndevu zake zote mbele ya kipande cha kioo, akivaa viatu virefu na koti ambalo sikuwahi kuliona, mpaka akageuka kuwa Mzungu kama Wazungu wengine. Niliketi nikaandika majina. Yale niliyoshindwa kuandika kwa ajili ya kofia niliandika sasa, kila mwanamke niliyemjua aliyechukuliwa, na jina la kwanza lilikuja lenyewe. Nilitia la Namayani.

Langoni bwana wa boma aliisoma karatasi, akamtazama Anton, akatazama kidevu chake kilichonyolewa. "Kwa hiyo umejifunza kuishi Afrika," alisema. "Hawa ni watu wako?"

"Ni wangu," Anton akasema.

Zizi likafunguliwa. Walitoka wakinuka samadi, wengine na watoto mgongoni, wakatufuata bila kuuliza, mpaka tulipovuka mto na boma likapotea nyuma ya miti. Hapo Anton alisimama, akavua kofia. Akaniambia niwaambie kwamba anaomba radhi kwa neno alilolisema langoni, kwamba wao ni watu wake.

Nikatafsiri. Wanawake walitazamana. Bibi mmoja, mama mkubwa wa Namayani, alicheka kidogo, akajifunga shuka lake vizuri. "Neno gani? La kwamba sisi ni watu wake? Mwambie neno hilo tumelisikia tangu tuzaliwe, na waliolisema tuliwapikia jioni ile ile. Yeye ndiye wa kwanza kuomba radhi."

Safari hii sikupunguza kitu. Nililisema lote, kwa Kiswahili kinyoofu, Namayani akinitazama mdomo. Kisha nikaongeza la zamani: kwamba siku ile karakana Namayani hakuuliza habari za maziwa. Nikamweleza Anton swali lake halisi. Nikamgeukia Namayani nikamwambia kwa Kimaa nilichokuwa nimefanya. Alipanda mlima mbele yangu na wenzake, na hakunisemesha tena mpaka baada ya mavuno.

Anton aliondoka mwezi ulipoisha, kwa gari la ng'ombe lenye magurudumu aliyoyatengeneza mwenyewe. Yeye na Feruzi hawakukumbatiana, waliogopa mgongo ule; walishikana mikono kwa muda mrefu, wakibishana juu ya jambo fulani mpaka dereva akapiga mluzi. Niliwahi kusikia kwamba alikwenda Tanga, na vita vilipoanza alikataa kushika bunduki. Lingine lolote silijui, na wengine wanaodai wanajua nimeona wanabuni.

Na minyororo ilikuja. Lazima niliseme hili kwa sababu yule kijana wa chama angependa niliache. Boma liliagiza minyororo Moshi, ikafika mabegani mwa wapagazi, imefuliwa na mhunzi mwingine ambaye labda naye alikuwa na watoto. Jumbe alipatikana pia, mtu wa rika langu, niliyecheza naye. Sitamtaja, wajukuu wake ni majirani zangu. Anton alipokwisha kuondoka, jumbe huyo aliutambua mwandiko wangu kwenye ile orodha ya wanawake, akaliambia boma kwamba vibarua wale walikuwa wa uongo. Nilikamatwa nikiwa shambani. Nilitiwa chuma shingoni, wa saba kati ya kumi, nikapelekwa barabarani kubeba mawe mpaka vuli.

Sisi kumi hatukuwa watu wa mahali pamoja. Palikuwa na Wameru wawili, Mchaga mmoja, Mnyamwezi aliyetoroka kwa mlowezi, Mmasai ambaye hakuwahi kushika jembe. Siku za kwanza tulivutana. Kila aliyechoka alimkaba mwenzake, na kila aliyejaribu kuamuru tulimtukana kwa lugha yake na yetu. Shingo zilichubuka. Kisha yule Mchaga akaugua homa. Hakuna mkutano uliofanyika, hatukuwa na lugha moja ya kuufanyia. Asubuhi moja tulipokuwa tunapangwa, Mnyamwezi alimsogeza mgonjwa katikati na askari hakujali. Wawili waliokuwa kando yake wakainua mnyororo kwa mikono yao ili usimlemee. Aliyekuwa mbele kabisa, Mmeru mmoja mwenye miguu mirefu, akageuka akamwangalia mgonjwa jinsi anavyoinua mguu, na akaanza kutembea kwa hatua hiyo. Sisi wengine tukaifuata. Askari alipiga kelele, akampiga wa mbele, naye akaongeza mwendo hatua mbili tatu, kisha akaurudia ule ule.

Namayani alikuja adhuhuri siku hiyo na makande kwenye kibuyu. Alikuwa anakuja kila baada ya siku chache na alikuwa hajaniambia neno tangu mtoni. Alipitisha kibuyu kutoka wa kwanza hadi wa kumi, akamlisha Mchaga kwa mkono wake kwa sababu Mchaga hakuweza kukishika. Alipofika kwangu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida, "Nani amewaambia mtembee hivyo?"

"Hakuna," nikasema.

Alisimama kidogo akituangalia sote, mstari mzima. Kisha akaketi chini vumbini karibu nami, akangoja tumalize kula.